Kibandiko Kwenye Chupa ya Mafuta

Kila Jumanne nyumba ya akina Nahla mjini Ibra, Oman, ilinukia tangu alfajiri. Jumanne ndiyo siku ambayo Bibi Kudura alipika mafuta, kwa sababu kesho yake kulikuwa na soko la wanawake, na akina mama walikuwa wakimjia kwenye jamvi lake kutafuta mafuta ya nywele, ya viungo na ya kujipaka baada ya kuoga. Nahla akirudi skuli, hata kabla hajafungua lango, pua yake ilikwisha mwambia kimepikwa nini: asumini, mrehani, mawaridi ya mlima wa Jebel Akhdar, au karafuu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kanawe kwa sabuni, kisha uje. Chupa zinakungoja."

Bibi Kudura alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa msichana wa miaka ishirini. Utaalamu wa mafuta aliupata kwa bibi yake mwenyewe, na miaka yote hiyo hakuuacha. Siku hizi miguu haikumruhusu kusimama sana, kwa hiyo kazi nzito aliifanya Zabibu, dada wa kazi kutoka Muheza, Tanga, aliyekuwa katika mwaka wake wa tatu nyumbani hapo. Zabibu alikuna nazi, akakamua tui, akalibandika jikoni kwa moto mdogo. Tui lilichemka polepole mpaka mafuta yakapanda juu, safi kama maji, na mashapo ya rangi ya kahawia yakatuama chini. Bibi alikaa kwenye kiti akitoa amri: punguza moto, usikoroge sana, chuja mara mbili.

Zabibu alimfundisha Nahla Kiswahili wakati wakifanya kazi. Nahla alizaliwa Ibra, na lugha ya bibi yake aliisema kwa kuchechemea.

"Da Zabibu, maua hii iende wapi?"

"Maua haya, Nahla. Maua haya yaende kwenye kopo."

"Haya yaende," alirudia Nahla, na wote wawili wakacheka. Nahla hakuwa na dada. Mama yake alifanya kazi Maskati na alirudi Alhamisi tu. Kwa hiyo nywele zake zilisukwa na Zabibu, na siri zake zilisikilizwa na Zabibu.

Kazi ya Nahla ilikuwa ya mwisho, na Bibi alisema kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote. Macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu, hakuweza tena kuandika. Nahla, mwenye miaka kumi na miwili na mwandiko mzuri, ndiye aliyemimina mafuta kwenye chupa za kahawia na kubandika majina ya mafuta kwa herufi za Kiarabu, ambazo Bibi na Zabibu walizijua tangu chuo cha Kurani. Sharti lilikuwa moja: kibandiko kwanza, mafuta baadaye, na aina moja iishe kabla ya kuanza nyingine.

Mwezi wa Januari, shangazi yake Nahla, Alyaa, alirudi kwa mama yake, Bibi Kudura, kukaa arobaini. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Ishak, baada ya kungoja miaka minane. Nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole. Bibi alimpikia mtoto mafuta ya nazi matupu, yasiyotiwa hata ua moja.

"Ngozi ya kichanga ni laini kama utando wa yai," alisema. "Haitaki manukato, haitaki dawa."

Asubuhi na alasiri Zabibu alimwogesha Ishak, akampaka mafuta hayo na kumkanda taratibu mpaka akasinzia. Alyaa mwenyewe alikiri kwamba mtoto hakutulia mikononi mwa mtu mwingine kama alivyotulia kwa Zabibu.

Jumanne moja Bibi alipika mafuta ya namna mbili. Sufuria moja ilikuwa ya mafuta ya mtoto. Nyingine ilikuwa ya mafuta ya viungo, kwa wazee wenye maumivu ya magoti, nayo ilitiwa mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kutoka Pemba. Hayo ni makali. Bibi aliyapima kwa kijiko huku Zabibu akiwa amevaa glavu, na harufu yake ikajaa mpaka ukumbini. Kazi ilipokwisha, Bibi aliingia chumbani kuswali alasiri na kupumzika. Nahla akabaki peke yake na chupa kumi na mbili, faneli mbili, na karatasi ya vibandiko.

Simu ikalia. Alikuwa Basma, rafiki yake wa darasani.

"Nahla, mwalimu amechagua majina ya mashindano ya kuchora. Nikutajie?"

"Nitajie," alisema Nahla. Akaibana simu baina ya sikio na bega, akaendelea kumimina huku na huku. Basma alikuwa na mengi ya kusema, na jina la Nahla lilikuwa la pili katika orodha. Alimimina kutoka sufuria hii, akamimina kutoka sufuria ile, na vibandiko akavibandika baada ya kumaliza. Chupa mbili za mwisho zilimtia wasiwasi kidogo. Alizinusa. Lakini jikoni kote kulinukia karafuu, na vidole vyake pia. "Ni hii," alijiambia. Iliyoandikwa "mtoto" akaiweka kwenye rafu ya mtoto, zilizobaki akazipanga kwenye kikapu cha sokoni.

Jua lilikuwa bado lina nguvu Zabibu alipochukua chupa kutoka kwenye rafu akaenda kumwogesha Ishak. Alikuwa na mafua tangu Jumapili, akipiga chafya na kufuta pua kwa mtandio. Muda si mrefu kilisikika kilio. Hakikuwa kilio cha njaa wala cha usingizi. Alyaa alikuwa wa kwanza kufika, kisha Bibi akaja akijishika ukutani. Mgongo na mapaja ya mtoto yalikuwa mekundu kama pilipili, na malengelenge yalianza kujitokeza.

"Maji," alisema Bibi. "Maji na sabuni, upesi. Yaqoob, toa gari."

Yaqoob, baba yake Nahla, alimkuta dada yake ameshika mtoto kifuani, hata viatu hakuvaa. Wakaondoka wote watatu na mtoto kwenda hospitali. Zabibu aliwafuata mpaka langoni, akasimama barabarani akiitazama gari mpaka ikapinda kona, na hata baada ya hapo hakurudi ndani.

Nahla aliingia chumbani. Chupa ilikuwa sakafuni kando ya beseni. Aliiinua, akaisogeza puani. Karafuu. Juu yake kulikuwa na mwandiko wake mwenyewe, ulionyooka vizuri: "mtoto".

Alifikiria uso wa shangazi yake. Alifikiria baba yake atasema nini. Kabla akili haijamaliza kufikiri, kucha zake zilikuwa zimekwisha anza kubandua. Akakimbilia jikoni, akaandika kibandiko kipya, "viungo", akakibandika pale pale. Kisha akapekua kikapu cha sokoni mpaka akaipata chupa ya mafuta matupu ya nazi, akaibandua jina nayo, akaandika "mtoto", akaiweka kwenye rafu. Hayo yote yalichukua dakika chache. Zabibu aliporudi ndani, macho yamevimba, Nahla alikuwa ameketi ukumbini na daftari la hesabu.

Baba alirudi kabla ya magharibi. Alikuwa mtu mpole, lakini siku ile sauti yake ilikuwa kavu.

"Zabibu, ulimpaka mtoto nini?"

"Mafuta yake, Baba Nahla. Nilichukua chupa iliyoandikwa 'mtoto'. Nimeisoma kwa macho yangu."

Baba aliinua chupa iliyokuwa chumbani, akampa. Zabibu akaisoma. Akaigeuza, akakisugua kibandiko kwa kidole gumba, akaisoma tena. Baba alimwonyesha na ile iliyokuwa kwenye rafu.

"Ya mtoto hii hapa, haijaguswa," alisema. "Ulichukua ya viungo."

"Wallahi sikuichukua ya viungo."

"Basi nani aliichukua?"

Zabibu aliiweka chupa chini. Aliinua uso, akamtazama Nahla. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama tu, kama mtu anayengoja zamu ya mwenzake kusema. Nahla aliyainamisha macho kwenye zulia.

Alyaa aliapa kwamba hatorudi katika nyumba ile na mwanawe iwapo Zabibu bado yumo. Alhamisi asubuhi baba alimpeleka Zabibu Nizwa, kwa wakala aliyemleta Oman. Bibi Kudura alimkumbatia langoni huku analia. Hakujua amwamini nani, chupa au mtu. Zabibu alimbusu mkono, akamgeukia Nahla.

"Kaa salama, mdogo wangu," alisema. "Usikiache Kiswahili chako."

Nahla aliitikia kwa kichwa. Gari ilipoondoka alikwenda kwenye chumba kidogo cha Zabibu, akakaa juu ya godoro lililovuliwa shuka, akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Ishak alikaa hospitali siku sita. Daktari alisema makovu yatafifia, lakini itachukua muda. Siku aliporudi, Bibi alimwaga mafuta yote yaliyokuwa ndani, hata ya asumini yaliyokwisha kaa juani wiki tatu yakingoja kuchujwa. Sufuria akazifunika. Jumatano hakwenda sokoni.

"Mikono yangu imemuunguza mjukuu wangu," aliwaambia wanawake waliokuja kumuuliza. "Sipiki tena."

Nahla aliyasikia hayo kila siku. Chakula kilimshinda. Skuli alipewa karatasi ya kuchora ya mashindano, akairudisha nyeupe. Mara nyingi alimwendea Bibi akiwa amekwisha panga maneno, na kila mara aliishia kuuliza, "Bibi, nikuletee maji?" Alijiambia kwamba Zabibu lazima ameshapata nyumba nyingine, nzuri zaidi pengine, na kwamba mambo yatapita.

Hayakupita. Jumamosi ya wiki ya tatu, mama akiwa kazini Maskati, Bibi, baba na Nahla walikuwa mezani wakila chakula cha mchana, simu ya baba ikaita. Alikuwa wakala wa Nizwa. Baba alisikiliza, akakuna paji la uso.

"Ndiyo," alisema. "Ni kweli, mtoto aliungua. Siwezi kusema uongo." Akasikiliza tena. "Basi, Mungu amsahilishie."

Alipokata simu, Bibi alimtaka habari.

"Kuna watu wa Nizwa walimtaka Zabibu amuuguze mama yao. Wamesikia habari ya Ishak, wamemkataa. Ni nyumba ya tatu kumkataa. Wakala anamrudisha kwao. Atapanda ndege Jumatatu."

"Na mwaka mmoja uliobaki katika mkataba wake?"

"Ndiyo basi, Mama."

Nahla aliweka kijiko chini.

"Ni mimi," alisema.

Baba hakuelewa. "Wewe nini?"

"Chupa. Niliandika vibaya. Nilikuwa nikizungumza na Basma. Da Zabibu alisoma 'mtoto', na ilikuwa imeandikwa 'mtoto'. Mlipokwenda hospitali nikabandua."

Bibi Kudura ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini sana.

"Ulibandua kwa mkono wako?"

"Ndiyo, Bibi."

"Yeye alikuwa wapi?"

"Langoni. Alikuwa akimlilia Ishak."

Bibi alijifunika uso kwa ukaya wake wa kichwani. Baba alisimama, akazunguka meza, akasimama tena. Nahla alingoja apigwe au afokewe. Lakini baba alikaa kwenye kiti chake kama mtu aliyechoka.

"Miaka mitatu nimemjua yule mwanamke," alisema. "Hajawahi kunidanganya hata siku moja. Nikaamini karatasi."

"Washa gari," alisema Bibi. "Sote tunakwenda."

Njia ya kwenda Nizwa ni ndefu kwa mtu mwenye hatia. Nahla alikaa nyuma, na hakuna aliyemsemesha. Walipofika, alasiri ilikuwa imekaribia. Ofisi ya wakala ilikuwa katika jengo la ghorofa mbili, juu ya duka la halwa. Zabibu alitoka chumba cha ndani akiwa amevaa baibui lake la zamani. Alikuwa amekonda. Alipomwona Bibi aliharakisha kumbusu mkono, akasema shikamoo, kisha akamwona Nahla nyuma ya baba yake, akauachia mkono wa Bibi.

"Sema," alisema Bibi.

Nahla alisema yote, mbele ya wakala na wasichana wengine wawili waliokuwa wakisubiri kwenye benchi. Hakujitetea. Aliposema kuhusu kibandiko sauti ilimkatika, akaanza upya. Kiswahili chake kilichanganyika na Kiarabu, na mara hii hakuna aliyemsahihisha.

Zabibu alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," alisema. "Nilipokisugua kile kibandiko, gundi yake ilikuwa bado mbichi. Nikakutazama. Nikajua ni wewe, na nikajua utasema."

"Kwa nini hukusema wewe, da Zabibu?"

"Nani angeniamini? Mimi ni mfanyakazi, wewe ni mtoto wa nyumba. Ilikuwa lazima ukweli utoke kinywani mwako. Nikangoja usiku ule, nikangoja Jumatano. Alhamisi ndani ya gari nilikuwa nikigeuka nyuma, nikidhani utatukimbilia." Alifuta macho kwa kiganja. "Kuungua kwa Ishak kuliniuma. Lakini wewe uliniuma zaidi, nilikuwa nikikusuka nywele."

Nahla alilia kwa sauti. Zabibu hakumzuia, wala hakumwendea.

Baba alimgeukia wakala. Alieleza mbele ya wote kwamba Zabibu hakuwa na kosa, akaandika barua na kutia sahihi, kisha yeye mwenyewe akawapigia simu wale watu waliomtaka Zabibu amuuguze mama yao. Alizungumza nao muda mrefu. Mwishowe walikubali. Safari ya Jumatatu ikafutwa.

"Zabibu, mwanangu," alisema Bibi, "mlango wetu uko wazi. Rudi nyumbani."

Zabibu alimshika Bibi mikono yote miwili.

"Nimewasamehe, Bibi. Nahla pia nimemsamehe, na Mungu ni shahidi wangu. Lakini kule sirudi. Kila nikishika chupa nitatazama nyuma yangu. Niacheni nikamuuguze huyo mama wa watu."

Waliagana hivyo.

Kesho yake Nahla alikwenda kwa shangazi yake Alyaa, aliyekuwa amerudi kwa mumewe, akamwambia mwenyewe. Alyaa hakufoka. Alimhamisha Ishak kutoka bega hili hadi bega lile, akaingia chumbani akafunga mlango. Ilipita miezi minne kabla hajalitaja tena jina la Nahla.

Ikabaki soko, kwa sababu jina la Zabibu lilichafuliwa sokoni pia. Jumatano ilikuwa siku ya skuli, lakini Bibi alimwombea ruhusa ya asubuhi moja. Nahla akasimama kando ya jamvi la Bibi, lisilo na chupa hata moja, na kila mwanamke aliyekuja kuuliza habari za mafuta alimweleza: Zabibu hakukosea, nilikosea mimi, kisha nikamsingizia. Wengine walimhurumia. Mmoja alisonya akaenda zake. Alisema maneno yale yale mara ishirini na zaidi, na hayakupata kuwa mepesi.

Adhuhuri walirudi nyumbani kwa miguu, polepole, Bibi akiegemea bega la mjukuu wake.

"Bibi, utapika tena?"

"Nitapika. Na wewe utaandika."

Nahla alisimama. "Mimi, Bibi? Siwezi. Nitakosea tena."

"Utakosea, ndiyo. Mimi nimeunguza masufuria mangapi, nimeharibu mafuta mangapi. Kukosea hakumtoi mtu utu. Siku ile ungekuja ukasema, 'Bibi, nimechanganya chupa,' tungekwambia maneno makali, tungelia siku mbili tatu, na Zabibu angekuwa jikoni kwetu mpaka leo." Bibi alivuta pumzi, wakaendelea kutembea. "Sikiliza, mwanangu. Kosa ulilolisema ni lako, utalibeba litakwisha. Kosa ulilolificha halifi. Hutoka likamtafuta mtu mwingine wa kulibeba, na sikuzote humpata yule asiye na mtu wa kumsemea. Ukikosea tena, sema siku hiyo hiyo, hata kama ulimi unatetemeka."

"Atarudi siku moja?"

"Hatorudi, Nahla."

Nahla alimshika Bibi mkono vizuri zaidi, kwa sababu mbele yao njia ilikuwa na mawe.